Insulini Hutua Wapi? Historia ya Kipokezi Kilichochelewa Kuonekana

Kipokezi cha insulini ni protini iliyochomekwa katika utando wa karibu kila seli ya mwili wa binadamu. Sehemu yake kubwa imechomoza nje, inakoweza kukutana na homoni inayopita katika damu. Sehemu iliyobaki imo ndani, na kazi yake ni kuiarifu seli kwamba homoni imefika. Seli moja ya ini au ya mafuta hubeba vipokezi zaidi ya 200,000, ilhali chembe nyekundu ya damu ina arobaini hivi tu. Bila protini hii insulini ingezunguka mwilini kama maji, isiguse sukari hata chembe. Hata hivyo dawa yenyewe ilitangulia kujulikana kwa miaka hamsini kabla ya mtu yeyote kuonyesha kwa uhakika mahali inapotua.

Dawa ilipatikana Toronto, Kanada. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, wakiwa katika maabara ya John Macleod, walitengeneza maji ya kongosho yaliyoshusha sukari katika damu ya mbwa wenye kisukari. Januari 1922 akadungwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson. Dozi ya kwanza ilikuwa na uchafu mwingi na haikumfaa. Ilibidi mkemia James Collip aisafishe upya, na ile iliyofuata siku kumi na mbili baadaye ndiyo iliyomtoa hatarini. Banting na Macleod wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1923. Viwanda vikaanza kuitengeneza kwa kongosho za ng'ombe na nguruwe, madaktari wakajifunza kupima dozi, wagonjwa wakajifunza kujidunga wenyewe. Yote hayo yalifanyika bila mtu kujua insulini inafanya nini hasa ikishafika kwenye msuli.

Dhana ya kipokezi ilikuwepo, lakini ilielea hewani. Mwaka 1905 mwanafiziolojia John Newport Langley wa Cambridge, Uingereza, alipochunguza jinsi nikotini na sumu ya kurare zinavyoshindana juu ya msuli, alisema lazima kuwe na kitu fulani kwenye seli kinachozipokea. Kule Ujerumani Paul Ehrlich alikuwa amefikia wazo linalokaribiana na hilo kwa njia yake. Hakuna aliyekuwa amekitoa kitu hicho kikaonekana ndani ya chupa, kwa hiyo kwa miongo kadhaa wengi walikichukulia kuwa namna ya kusema tu.

Kuhusu insulini, maelezo yaliyopendwa yalikuwa mengine kabisa. Katikati ya miaka ya 1940 maabara ya Carl na Gerty Cori huko St. Louis, Marekani, iliyokuwa na sifa kubwa katika kemia ya sukari, ilitoa matokeo yaliyoashiria kwamba insulini huingia ndani na kuchochea kimeng'enya kinachoanza kuitumia glukosi. Rachmiel Levine na wenzake wa Chicago hawakuridhika. Waliwatoa mbwa viungo vya tumboni pamoja na figo, kisha wakawapa galaktosi, sukari ambayo viungo vilivyobaki haviwezi kuichoma. Kama kazi ya insulini ni kuharakisha uchomaji, galaktosi ingebaki ilivyo katika damu. Lakini walipowapa insulini, galaktosi ilishuka. Haikuwa imetumika, ilikuwa imepata nafasi kubwa zaidi ya kuenea, maana yake ilikuwa imevuka na kuingia ndani ya seli. Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 1949, na tangu hapo macho yakageukia kwenye utando.

Wakati huohuo wengine walikuwa wakiichambua homoni. Frederick Sanger wa Cambridge alipanga herufi zake zote, asidi amino 51 katika minyororo miwili, na akapata Nobel mwaka 1958. Dorothy Hodgkin wa Oxford, aliyekuwa ameanza kuipiga picha kwa eksirei tangu 1935, alilionyesha umbo lake mwaka 1969. Ila kwa hadithi ya kipokezi, hatua iliyozaa matunda mapema zaidi ilitoka New York, ambako Rosalyn Yalow na Solomon Berson walijifunza kuipachika insulini iodini yenye mionzi na kuitumia kupimia homoni kidogo mno iliyomo katika damu. Kuanzia hapo chembe za insulini zingeweza kufuatwa popote zilipokwenda.

Zilifuatwa mwaka 1971 huko Bethesda, karibu na Washington, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Pierre Freychet, Jesse Roth na David Neville walichukua ini la panya, wakatenga utando wa seli zake, wakauchanganya na insulini yenye iodini. Sehemu ya insulini ilinasa kwenye utando. Hilo peke yake halikuthibitisha lolote, kwani protini hunasa hata kwenye kioo. Ugumu wa kwanza ulikuwa katika iodini yenyewe: chembe moja ya insulini ikibebeshwa iodini nyingi inapoteza nguvu zake, na anayepima anakuwa anapima takataka. Walihakikisha kila chembe inabeba atomi moja tu. Kisha wakaongeza insulini isiyo na mionzi na kuangalia kama itaing'oa ile ya kwanza. Iling'oka. Jaribio lililomaliza ubishi lilikuwa la kulinganisha: proinsulini, ambayo ina nguvu kidogo ya kushusha sukari, iling'oa kwa kiasi kidogo, insulini iliyokatwa kipande na kupoteza karibu nguvu zake zote haikung'oa karibu chochote, homoni nyingine zisizohusika na sukari hazikugusa kitu. Nguvu ya kushika ilifuatana na nguvu ya kutenda. Hapo kipokezi kikaacha kuwa namna ya kusema.

Pedro Cuatrecasas alikuwa amelisogelea jambo hilohilo kwa mlango mwingine. Mwaka 1969 aliifunga insulini kwenye shanga za sukari ngumu zilizo kubwa mno kuingia ndani ya seli, na seli za mafuta zikaitikia hata hivyo. Hoja ilikuwa nzuri: homoni haihitaji kuingia, inatosha iguse nje. Baadaye walitokea wapinzani waliodai kwamba insulini ilikuwa ikichomoka kwenye shanga na kuelea huru, na madai hayo yalikuwa na uzito. Hitimisho lake lilikuwa sahihi, lakini ushahidi uliolitegemeza ulikuwa dhaifu kuliko ulivyoonekana.

Mwaka 1973 Pierre De Meyts, naye akiwa Bethesda, aligundua jambo la ajabu. Insulini iliyokwisha kunasa kwenye kipokezi huachia upesi zaidi ikiwa nje kuna insulini nyingine nyingi. Kama kila kipokezi kingekuwa na nafasi moja tu ya kushika, insulini ya nje isingekuwa na habari na ile iliyokwisha kunasa. Ilielekea kwamba kipokezi kina nafasi zaidi ya moja, na kwamba ya pili ikikaliwa ya kwanza inalegea. Maelezo kamili ya tabia hiyo yalichukua zaidi ya miaka arobaini.

Kupima vipokezi kukawa kazi ya kila maabara ya kisukari. Panya wanene na watu wanene wakaonekana kuwa navyo pungufu, na ikaonyeshwa kuwa seli inayokaa kwenye insulini nyingi kwa muda mrefu huvipunguza yenyewe. Kwa miaka kadhaa wengi waliamini chanzo cha kisukari cha ukubwani kimepatikana. Imani hiyo haikudumu. Seli huhitaji sehemu ndogo tu ya vipokezi vyake ili kuitikia kikamilifu, na kwa wagonjwa walio wengi hitilafu kubwa imo mbele zaidi, katika habari inayopita ndani baada ya kipokezi kuguswa.

Wagonjwa waliofundisha mengi zaidi walikuwa wachache sana. Miaka ya 1975 na 1976 Jeffrey Flier, C. Ronald Kahn na Roth walieleza habari za wanawake wenye mabaka meusi mazito shingoni na makwapani, ambao sukari yao haikushuka kwa insulini ya kiasi chochote cha kawaida; katika hali kama hiyo mgonjwa anaweza kudungwa maelfu ya yuniti kwa siku bila mafanikio. Walikuwa wa aina mbili. Kwa wasichana wa aina ya kwanza kipokezi chenyewe kilikuwa na kasoro. Kwa aina ya pili, ambayo Marekani imeonekana zaidi kwa wanawake weusi, kipokezi kilikuwa kizima ila mwili ulikuwa umetengeneza kingamwili dhidi yake. Wakati mwingine kingamwili hizo ziliziba njia. Wakati mwingine, kwa mgonjwa yuleyule, ziliiga insulini hadi sukari ikaanguka kupita kiasi.

Damu ya wanawake hao ikageuka kuwa kifaa cha maabara. Kingamwili zinazokijua kipokezi ziliweza kukichagua kati ya maelfu ya protini na kukitoa peke yake. Sehemu kubwa ya yaliyojulikana katika miaka michache iliyofuata ilipatikana kwa seramu zao, na katika makala za kisayansi wametajwa kwa herufi na namba tu.

Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 muundo wa jumla ulikuwa umejulikana kwa kazi za Michael Czech, Paul Pilch, Joan Massagué, Steven Jacobs na Cuatrecasas. Kipokezi kina vipande vinne: viwili viitwavyo alfa, vilivyo nje kabisa ya seli na ndivyo vinavyoshika insulini, na viwili viitwavyo beta, ambavyo kila kimoja hupenya utando mara moja na kuning'iniza mkia wake ndani. Vifungo vya salfa huvishikanisha vyote. Vipokezi vingi vya jamii yake hukaa kimoja kimoja na huungana viwili viwili homoni inapofika. Hiki cha insulini huwa kimeshaungana tangu kinapotengenezwa. Tofauti hiyo ilikuja kuwasumbua sana waliotaka kueleza jinsi kinavyoamshwa, kwani maelezo ya kuungana hayakutosha.

Swali lililobaki lilikuwa kubwa kuliko yote: mkia ule wa ndani unafanya nini? Earl Sutherland alikuwa amepata Nobel mwaka 1971 kwa kuonyesha kwamba adrenalini na glukagoni huzalisha ndani ya seli kemikali ndogo, AMP ya mviringo, inayobeba ujumbe. Ilikuwa kawaida kudhani insulini nayo ina mjumbe wake, na watafiti wenye akili walitumia miaka mingi kumtafuta. Kila aliyependekezwa alishindwa kuthibitika.

Jibu lilitokea upande wa saratani. Mwaka 1979 Tony Hunter wa Taasisi ya Salk, California, alikuwa akichunguza protini ya kirusi kinacholeta uvimbe kwa panya. Ilijulikana kwamba seli huziwasha na kuzizima protini kwa kuzipachika fosfati, na kwamba fosfati hukaa kwenye asidi amino mbili, serini na treonini. Hunter alitenganisha asidi amino zake kwa umeme katika kimiminika ambacho hakukibadilisha kwa siku kadhaa, kikawa kimeongezeka ukali kutoka pH 1.9 hadi 1.7. Katika kimiminika kipya treonini yenye fosfati na tairosini yenye fosfati husafiri pamoja na kuonekana doa moja. Katika kile kichakavu zilitengana, na doa la tatu likajitokeza. Fosfati ilikuwa kwenye tairosini, mahali ambapo hakuna aliyetarajia kuiona. Hunter mwenyewe amekisimulia kisa hicho mara nyingi, akikiri kwamba kilichomsaidia ni uvivu wa kuchanganya dawa upya.

Muda si mrefu Stanley Cohen alionyesha kwamba kipokezi cha homoni ya ukuaji wa ngozi hufanya kazi hiyohiyo. Mwaka 1982 Masato Kasuga, Kahn na wenzao walizipa seli fosfati yenye mionzi, wakaongeza insulini, wakakivua kipokezi kwa seramu ya mgonjwa. Kipande cha beta kiling'aa. Walipokichambua walikuta tairosini zimebeba fosfati. Kipokezi cha insulini kilikuwa kimeng'enya, aina inayoitwa kinasi: kikiguswa nje, mikia yake ya ndani hupachikana fosfati, kisha huanza kuzipachika protini nyingine. Mjumbe aliyetafutwa kwa muda wote huo hakuwepo.

Mwaka 1985 jeni lilisomwa, na timu mbili zilifika karibu kwa pamoja. Moja iliongozwa na Axel Ullrich katika kampuni ya Genentech, nyingine na Yousuke Ebina katika maabara ya William Rutter huko San Francisco. Kikundi cha Ullrich kilianza na kondo la nyuma la uzazi, kiungo chenye vipokezi vingi ambacho hospitali hukitupa kila siku. Timu moja ilihesabu asidi amino 1,370, nyingine 1,382. Hakuna iliyokosea. Seli hutengeneza kipokezi kwa namna mbili, kirefu na kifupi, vinavyotofautiana kwa asidi amino kumi na mbili. Kile kifupi, kinachopatikana kwa wingi kwa mtoto aliye tumboni, hukubali pia homoni ya ukuaji IGF-II. Jeni lenyewe liko kwenye kromosomu ya 19.

Njia ya habari ndani ya seli ilifunguliwa kipande kwa kipande. Mwaka 1985 Morris White aliona protini moja kubwa ikipachikwa fosfati katika sekunde chache tu baada ya insulini kuongezwa. Ilipatikana kikamilifu mwaka 1991 na kuitwa IRS-1. Hukaa kando ya kipokezi, na tairosini zake zikishapata fosfati hunasa kimeng'enya PI3K, kilichogunduliwa na Lewis Cantley na wenzake. Kimeng'enya hicho hubadilisha mafuta ya utando, mafuta hayo huita kinasi nyingine iitwayo Akt, na Akt ndiyo inayogawa kazi: glaikojeni itengenezwe, ini liache kutoa sukari, protini zijengwe. Mwisho mmoja wa njia hii ulikuwa umeonekana mapema. Mwaka 1980 timu mbili za Marekani, ya Samuel Cushman na Lawrence Wardzala na ile ya Kazuo Suzuki na Tetsuro Kono, zilionyesha kwamba visafirishaji vya glukosi hukaa ndani ya seli ya mafuta vikiwa vimefungwa katika vifuko vidogo, na insulini huvisukuma hadi kwenye utando. Matokeo ya Levine kwa mbwa wa Chicago yalikuwa yamepata maelezo.

Waliozaliwa na kasoro katika jeni la kipokezi walianza kutambuliwa mwaka 1988. Ugonjwa mkali kuliko yote, wa Donohue, huwapata watoto wanaorithi kasoro kwa baba na kwa mama. Huzaliwa wadogo mno, na wengi hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili. Panya waliotolewa jeni hilo kabisa mwaka 1996 walikufa siku chache baada ya kuzaliwa. Mnyoo mdogo wa udongoni ulileta mshangao wa upande mwingine. Cynthia Kenyon alikuwa ameonyesha mwaka 1993 kwamba jeni moja likidhoofishwa mnyoo huo huishi zaidi ya mara mbili ya umri wake, na mwaka 1997 maabara ya Gary Ruvkun ikagundua kwamba jeni hilo ni ndugu wa kipokezi cha insulini.

Umbo lilikuja mwisho. Stevan Hubbard wa New York alilionyesha lile la kinasi mwaka 1994: tairosini moja, ya 1,162, imejiziba yenyewe mahali pa kazi, na fosfati ikiwekwa huondoka na kuacha nafasi wazi. Sehemu ya nje ilisumbua zaidi kwa sababu ya ukubwa na mapambo yake ya sukari. Ilionekana mwaka 2006 kwa kazi ya Colin Ward, Michael Lawrence na wenzao wa Melbourne, Australia: herufi V iliyopinduliwa, miguu ikielekea kwenye utando. Wengi waliokuwa wamechora makisio yao ilibidi wayafute. Mwaka 2013 kundi hilohilo lilionyesha insulini ikiwa imeshikwa. Ili ishikwe, homoni hufungua ncha ya mnyororo wake mmoja na kipande cha kipokezi huingia katika nafasi hiyo. Kumbe umbo alilolipata Hodgkin lilikuwa la insulini ikiwa ghalani, sita sita zikiwa zimeshikamana kwa madini ya zinki.

Ushahidi wa hilo ulipatikana pia baharini. Konokono Conus geographus, mwenye gamba la umbo la pia, anaishi katika miamba ya Bahari ya Hindi, pwani ya Afrika Mashariki ikiwemo, na sumu yake imewahi kuua watu. Mwaka 2015 Helena Safavi-Hemami na wenzake waligundua kwamba hutoa pia insulini inayofanana na ya samaki, na samaki wanaoivuta hulegea kwa kupungukiwa sukari wakamezwa. Insulini hiyo haina ile ncha ya mnyororo, kwa hiyo haishikamani sita sita na hufanya kazi mara moja, na hata kipokezi cha binadamu huitii. Watengenezaji wa dawa wameifuatilia tangu hapo.

Kuanzia 2018 hadubini ya elektroni inayogandisha sampuli kwa ubaridi mkali, iliyowapa wabunifu wake Nobel mwaka 2017, ilionyesha kipokezi kizima kikiwa kazini. Insulini nyingi zikifika, miguu ya ile V hukaribiana na umbo zima huwa kama herufi T, ndipo mikia ya ndani inapofikiana na kupachikana fosfati. Kipokezi kimoja huweza kubeba hadi insulini nne, katika nafasi za aina mbili, jambo linaloeleza kile De Meyts alichokiona mwaka 1973.

Kipokezi kina kazi nyingine isiyosemwa sana: ndicho kinachoiondoa insulini mwilini. Kikishaishika humezwa nayo ndani ya seli, insulini ikavunjwavunjwa, chenyewe mara nyingi kikarudishwa juu. Jambo hilo limetumika katika insulini ya icodec, inayodungwa mara moja kwa wiki na iliyoidhinishwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2024. Watengenezaji wake waliipunguzia makusudi nguvu ya kukishika kipokezi na kuifungamanisha na albumini ya damu. Hushikwa kidogo kidogo, humezwa kidogo kidogo, na nusu yake bado huwa inazunguka katika damu baada ya siku saba hivi.